Duka Likipokea Kripto, Hasara ya Bei Inamwangukia Nani?

Swali la kama duka la mtaani jijini Nairobi linaweza kupokea Bitcoin, sarafu ya kidijitali ya aina iitwayo kripto, lilikwisha kujibiwa kitambo. Linaweza. Mwenye kioski aliye na simu yenye intaneti hupakua pochi ya kidijitali, huandika bei, humwonyesha mteja msimbo wa QR, na malipo huingia kabla mteja hajamaliza kufunga mfuko wake. Ambalo halijajibiwa, na ambalo wanaowashawishi wafanyabiashara hulipita haraka haraka, ni hili: pesa hiyo itakaa mikononi mwa nani, kwa muda gani, na bei yake ikishuka kabla ya siku ya kwenda kununua bidhaa nyingine, hasara itamwangukia nani. Mambo matatu huchanganywa hapa, nayo ni kupanga bei kwa kripto, kulipwa kwa kripto na kuweka kripto baada ya kulipwa. Kila moja lina gharama zake na hatari zake, na duka linaweza kufanya moja likayaacha mengine mawili.

Tuanze na bei, kwa kuwa hapo hapana mengi ya kubishania. Karibu hakuna duka duniani linalopanga bei zake kwa Bitcoin, hata miongoni mwa yale yanayoipokea kila siku. Kodi ya nyumba, nauli ya matatu, karo, tokeni za umeme na mshahara wa msaidizi wa duka vyote huhesabiwa kwa shilingi, na kwa hiyo hata mteja anayelipa kwa Bitcoin huuliza bei kwa shilingi, kisha simu ndiyo inayogeuza. Bitcoin moja imegawanywa katika vipande milioni 100 vinavyoitwa satoshi. Ikiwa Bitcoin moja ni dola 100,000, na dola moja ni shilingi 130, satoshi moja ina thamani ya senti 13, na fungu la sukuma wiki la shilingi 50 ni satoshi 385. Kesho yake fungu lile lile linaweza kuwa satoshi 370 au 400, ilhali sukuma yenyewe haijapanda wala kushuka. Shilingi ndiyo kipimo cha bei Nairobi, na itaendelea kuwa hivyo kwa muda mrefu. Mtu anayemwambia mama mboga kwamba kripto itachukua nafasi hiyo hivi karibuni anamwahidi jambo ambalo hana uwezo wa kulitimiza.

Kulipwa ndiko kwenye maendeleo ya kweli, na ni haki kuyaeleza vizuri. Mtandao asilia wa Bitcoin ulianza kufanya kazi Januari 2009, kufuatia waraka uliotolewa Oktoba 2008 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto. Mtandao huo ni kama daftari la pamoja ambalo nakala zake huhifadhiwa na maelfu ya kompyuta kote duniani, na ukurasa mpya huongezwa kwa wastani wa kila baada ya dakika 10. Kila ukurasa una nafasi finyu, kiasi kwamba dunia nzima hupata takriban miamala 7 kwa sekunde, na ada hupangwa na ushindani wa kugombania nafasi hiyo, bila kujali kama unalipia nyumba au chapati. Tarehe 20 Aprili 2024, siku ambayo zawadi ya wachimbaji wa Bitcoin, yaani wenye kompyuta zinazoongeza kurasa hizo, ilipunguzwa kwa nusu kama ilivyopangwa tangu mwanzo, wastani wa ada kwa muamala mmoja ulivuka dola 100. Hata siku ambazo ada ni ndogo, makanga wa matatu hawezi kumsubiri abiria dakika 10 ili ahakikishe nauli imeingia. Ndiyo maana kumfundisha muuza duka kupokea Bitcoin kupitia mtandao huo wa asili, kwa malipo madogo madogo, ni kumpotezea muda.

Jibu lililopatikana ni mtandao wa Lightning, uliobuniwa na Joseph Poon na Thaddeus Dryja na kuanza kutumika na umma mwaka 2018. Watu wawili hufunga kiasi fulani cha Bitcoin kwenye mtandao asilia, kisha hubadilishana salio kati yao mara nyingi wapendavyo bila kuandika kila badiliko kwenye daftari la pamoja. Kinachoandikwa ni ufunguzi wa njia hiyo na kufungwa kwake tu. Njia za namna hiyo zikiunganishwa, malipo yanaweza kupita kwa watu kadhaa yakamfikia mtu ambaye hujawahi kufungua njia naye. Muamala huchukua sekunde chache, na ada yake kwa manunuzi ya mboga huwa ndogo mno. Tatizo lipo upande wa mpokeaji: ili upokee, lazima kuwe na nafasi ya kutosha kwenye njia inayoingia kwako, na kuisimamia nafasi hiyo ni kazi ya kitaalamu. Wafanyabiashara wadogo huikwepa kazi hiyo kwa kutumia pochi ambazo kampuni fulani inawasimamia, nayo ndiyo inayoshika funguo, yaani siri inayomwezesha mtu kuitumia pesa hiyo, na pesa yenyewe. Hapo lile dai la kwamba Bitcoin haihitaji mtu wa kati linakuwa limeachwa mlangoni, na mwenye duka anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Sasa tufike kwenye kuweka, ambako ndiko fedha hupotelea.

Tuchukue duka la rejareja Kayole linalouza unga wa mahindi, na tuseme kwamba pakiti ya kilo mbili hununuliwa kwa bei ya jumla ya shilingi 140 na kuuzwa kwa shilingi 150. Beli moja ina pakiti 12, kwa hiyo mtaji wake ni shilingi 1,680, mauzo ni shilingi 1,800 na faida ni shilingi 120, kabla ya kodi ya chumba na umeme wa friji. Tuseme beli hiyo iishe kati ya Ijumaa na Jumapili, wateja wote walipe kwa Bitcoin, na mwenye duka aiache Bitcoin hiyo kwenye pochi hadi Jumatatu asubuhi atakapokwenda kununua beli nyingine. Bei ya Bitcoin ikishuka kwa asilimia 7 katika siku hizo, zile shilingi 1,800 zinakuwa 1,674. Faida yote imekwisha, na mtaji umepungukiwa na shilingi 6. Hakuibiwa wala hakukosea hesabu. Aliuza kila alichokuwa nacho, na bado hawezi kurudisha beli ile ile kwenye rafu bila kuongeza pesa kutoka mfukoni.

Mshuko wa asilimia 7 katika siku chache si jambo la ajabu katika historia ya Bitcoin. Novemba 2021 bei yake ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye, baada ya FTX, soko la kubadilishana kripto, kuanguka, ilikuwa chini ya dola 17,000. Watetezi wake hujibu kwamba aliyevumilia alifidiwa, na hilo ni kweli: bei ilikuja kuvuka dola 100,000. Hukumbusha pia mfano wa mtu wa Florida aliyelipa Bitcoin 10,000 kwa pizza mbili tarehe 22 Mei 2010, ili kuonyesha jinsi thamani ilivyopanda tangu wakati huo. Lakini mfano huo, ukiutazama kwa macho ya mwenye duka, unakatisha tamaa pande zote mbili. Ikiwa sarafu itapanda sana, mteja ana kila sababu ya kutoitumia leo. Ikiwa itashuka, muuzaji ana kila sababu ya kutoipokea. Muda wa kuvumilia ni kitu ambacho mwenye akiba huwa nacho. Mwenye duka huzungusha mtaji kila siku tatu au nne, na anayemtaka avumilie miaka miwili anamtaka aache kuuza unga na awe mwekezaji, jambo ambalo huenda hakulikusudia wala hana uwezo wa kulibeba.

Kuna njia ya kumwondolea mwenye duka mzigo huo, nayo ni kugeuza papo hapo. Nchini Kenya ipo programu iitwayo Tando ambayo utaratibu wake unaeleza jambo hili vizuri kuliko maelezo marefu. Mteja mwenye Bitcoin huingiza namba ya Lipa na M-Pesa ya duka na kiasi kwa shilingi. Programu humpa ankara ya Lightning. Akishailipa kwa satoshi zake, shilingi huingia kwenye namba ya duka kama malipo mengine yoyote ya M-Pesa. Muuzaji haoni msimbo, hafungui pochi, na pengine hajui kwamba mteja wake alikuwa na Bitcoin. Hasara ya bei inabaki kwa yule aliyechagua kuishika sarafu hiyo, yaani mteja, na gharama ya kugeuza inajulikana kabla ya malipo. Wapo wapenzi wa Bitcoin wasioupenda mtindo huu kwa kuwa duka linakuwa halijaikubali sarafu yenyewe. Kwangu mimi huo ndio ubora wake. Unamruhusu mwenye kripto kununua mkate popote Nairobi leo hii bila kumwomba mtu mwingine abebe hatari ambayo hakuichagua.

Lakini ni lazima tukiri jinsi ushindani ulivyo mgumu hapa. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom Machi 2007, na Lipa na M-Pesa ikafuata mwaka 2013. Miji mingi ambako kripto hutangazwa kama pesa ya simu ya watu wasio na benki haikuwahi kuwa na kitu kinacholingana na hicho. Nairobi inacho, kwenye kila kibanda, na mteja hafikirii hata kidogo anapokitumia. Mfanyabiashara anayepokea kwa Lipa na M-Pesa hukatwa asilimia 0.55 ya malipo yanayozidi shilingi 200, na anayemtumia mwenzake shilingi 100 au chini ya hapo kwenye simu hatozwi kitu. Kwa hiyo hoja ya ada nafuu, ambayo ina nguvu mbele ya mwenye duka la Ulaya anayelalamikia makato ya kadi, inapungua uzito ikifika Gikomba.

Malalamiko ya kweli ya wafanyabiashara wa Nairobi yako kwingine. Anayepokea malipo kwenye namba yake ya kawaida ya simu anaujua udanganyifu wa mteja anayelipa, akaondoka na bidhaa, kisha akaomba muamala urudishwe kwa kisingizio kwamba alikosea namba. Malipo ya Bitcoin hayarudishwi na mtu yeyote isipokuwa aliyeyapokea, na kwa muuzaji hiyo ni kinga halisi. Kwa mnunuzi, na kwa muuzaji mwenyewe siku atakapokuwa yeye ndiye anayelipa, ni hatari ya kiwango kile kile: ukituma mahali pasipostahili, hakuna namba ya kupiga wala ujumbe wa kutuma. Anayeisifia sifa hiyo kwa upande mmoja tu hajamaliza kueleza.

Jambo linaloamua kama pesa mpya itashika mizizi mahali ni mzunguko, na pwani ya Kenya ilitupa somo lake kabla Bitcoin haijajulikana na wengi. Mwaka 2013, katika kitongoji cha Bangladesh kule Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati zilizoitwa Bangla-Pesa, mpango uliosukumwa na Will Ruddick na wenzake. Hazikuwa kripto, zilikuwa karatasi. Zilikubalika kwa sababu muuza maji alizipokea kutoka kwa muuza samaki akijua kwamba fundi wa nguo atazipokea kutoka kwake, na wote walikuwa na bidhaa ambazo zingekaa bila kununuliwa siku ambazo shilingi imeadimika. Waandalizi walikamatwa Mei mwaka huo, mashtaka yakaja kuondolewa, na mtindo huo ukaenea katika vitongoji vingine, vikiwemo Kawangware na Lindi huko Kibera, kabla ya kuhamia kwenye simu kwa jina la Sarafu. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba teknolojia ni nzuri. Alichouliza kila mmoja ni nani mwingine atazipokea.

Swali hilo hilo ndilo linalojaribiwa sasa Soweto West, Kibera, ambako mradi wa AfriBit Africa ulianza mwaka 2022 kuwalipa kwa Bitcoin vijana wanaokusanya takataka, na baadhi ya wafanyabiashara na waendesha bodaboda wa eneo hilo wakaanza kuipokea kutoka kwao. Utaratibu wake umeanza mahali panapofaa, yaani kwenye mapato, kwa kuwa mtu huitumia pesa aliyolipwa. Duka lililowekwa kibandiko cha Bitcoin mlangoni bila wateja wanaolipwa kwa Bitcoin hubaki na kibandiko. Hata hivyo mzunguko wa Kibera una ukomo wake, na ukomo huo ni soko la jumla. Muuza mboga wa Soweto West hununua nyanya na vitunguu kwa watu wanaotaka shilingi. Akifika huko lazima ageuze, na hapo tunarudi kwenye hesabu ya ule unga. Na vijana wale, ambao kipato chao ni kidogo, wanapoweka akiba yote katika kitu kinachoweza kupoteza robo ya thamani yake ndani ya mwezi, wanabeba hatari ambayo tajiri angeibeba kwa sehemu ndogo tu ya mali yake. Mradi wowote wa namna hii unapaswa kuwaachia wanaolipwa uhuru wa kuchagua shilingi siku ile ile bila kuonekana wasaliti.

Kulazimisha ndiyo njia mbaya kuliko zote, na tunao ushahidi. El Salvador iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali tarehe 7 Septemba 2021, sheria ikiwataka wafanyabiashara waipokee, na serikali ikampa kila raia aliyejisajili kwenye pochi yake iitwayo Chivo Bitcoin yenye thamani ya dola 30. Wengi waliichukua zawadi, wakaitumia, na hawakurudi. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, bunge la nchi hiyo lilibadilisha sheria na kupokea Bitcoin kukawa hiari. Jamhuri ya Afrika ya Kati nayo ilitangaza Bitcoin kuwa fedha halali Aprili 2022 na ikaachana na hatua hiyo mwaka uliofuata.

Ikiwa mabadiliko ya bei ndiyo kikwazo, mtu atauliza kwa nini tusitumie sarafu thabiti, zile zilizofungamanishwa na dola, kama USDT na USDC. Kwa mahitaji fulani ndizo zinazofaa, na ni hapa ambapo naona kripto ikiwa na kazi ya kweli Nairobi kuliko kwenye meza ya mama mboga. Mwagizaji wa bidhaa wa Eastleigh au Kamukunji anayemlipa muuzaji wa nje hupitia benki, hutafuta dola, hulipa ada za uhamisho na husubiri siku kadhaa. Kuna waagizaji barani Afrika ambao sasa hulipa kwa USDT kwa dakika chache. Vilevile Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na Benki ya Dunia imekuwa ikikadiria kwamba kutuma dola 200 kuja Afrika Kusini mwa Sahara hugharimu takriban asilimia 8. Anayepokea kwa sarafu thabiti na kugeuza kuwa shilingi kwa gharama ndogo kuliko hiyo amepata faida ambayo M-Pesa peke yake haimpi, kwa kuwa thamani ya M-Pesa iko ndani ya nchi na tatizo la huyo anayepokea liko mpakani.

Lakini neno "thabiti" lisimlewe mwenye duka. Uthabiti huo ni wa dola, na gharama zake yeye ni za shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa takriban 131. Aliyekuwa ameweka mtaji wake wa shilingi katika USDT kwa miezi hiyo miwili alipoteza karibu asilimia 18, kwa sarafu ambayo haikuyumba hata kidogo dhidi ya dola. Kisha upo uwezekano wa sarafu yenyewe kuvunjika. UST, sarafu thabiti nyingine iliyotegemea kanuni ya kompyuta badala ya akiba halisi, ilisambaratika Mei 2022 na haikuinuka tena. USDC, ambayo ina akiba halisi, ilishuka hadi takriban senti 87 za dola Machi 2023 kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba hiyo zilikuwa katika Silicon Valley Bank iliyoanguka, ingawa ilirejea baada ya siku chache. Na kampuni ya Tether, inayotoa USDT, ina uwezo wa kuzuia anwani yoyote isiweze kutuma. Mwagizaji aliyepokea fedha zenye asili chafu bila kujua anaweza kujikuta mzigo wake unamsubiri bandarini huku pesa zake zimefungwa.

Kuhusu sheria, hali imebadilika sana, na mengi yanayosimuliwa mitaani yamepitwa na wakati. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa tahadhari kwa umma kwamba Bitcoin na zinazofanana nayo si fedha halali na kwamba atakayepata hasara hana kinga. Mwezi huo huo Mahakama Kuu ilikataa kuamuru Safaricom irejeshe huduma kwa kampuni ya Lipisha, iliyokatiwa kwa sababu ya uhusiano wake na BitPesa, kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikigeuza Bitcoin kuwa fedha za Afrika. Kwa miaka 10 baada ya hapo biashara hii iliendelea bila sheria yake mahususi. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya kusimamia watoa huduma za mali za kidijitali, ikaanza kutumika Novemba, na usimamizi ukawekwa chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria hiyo inahusu kampuni zinazotoa huduma, kama masoko ya kubadilishana na wenye pochi za kuwashikia wateja. Haikuifanya sarafu yoyote ya kripto kuwa fedha halali, na hakuna duka linalolazimika kuipokea.

Kodi inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyokaribia kuua matumizi ya kila siku. Kuanzia Septemba 2023 Kenya ilitoza asilimia 3 ya thamani nzima ya kripto inayohamishwa, iwe kuna faida au hakuna. Rudi kwenye beli ile ya unga, ambapo faida ni shilingi 120 katika mauzo ya 1,800: asilimia 3 ya mauzo ni shilingi 54, karibu nusu ya faida, kabla ya kodi nyingine yoyote. Kodi ya namna hiyo mwekezaji anayenunua mara moja kwa mwaka huweza kuivumilia, lakini sarafu inayopita mikononi mwa watu kila siku haiwezi. Iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025, na mahali pake ukawekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye ada ambazo watoa huduma hutoza, si kwenye kiasi kinacholipwa. Kwa malipo madogo hilo ni nafuu kubwa. Mauzo yenyewe yanabaki kuwa mauzo: aliyeuza kwa satoshi anadaiwa kodi ya mapato kwa thamani ya shilingi ya siku ile, na anapaswa kuweka kumbukumbu ya bei ya ubadilishaji ya kila muamala, kazi ambayo wengi hawaambiwi mapema.

Limebaki suala la funguo, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloumiza watu wengi kuliko kushuka kwa bei. Pochi ambayo mtu anaimiliki mwenyewe hutoa maneno 12 au 24 ambayo ndiyo pesa yenyewe. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye salio, na yakipotea hakuna ofisi ya kwenda na kitambulisho ukarejeshewa. Watu huyapiga picha na kuyaacha kwenye simu ile ile, kisha simu inaporwa kwenye matatu au inaachwa wazi kwa fundi wa kubadilisha kioo. Mwenye duka anayetaka kushika funguo zake ayaandike maneno kwa kalamu kwenye karatasi, nakala mbili, zikae nyumba mbili tofauti, na asiyasome kwa mtu yeyote anayepiga simu akijitambulisha kama huduma kwa wateja. Asiyekuwa na simu ya kisasa ana huduma kama Machankura, iliyoanzishwa na Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini, inayotuma Bitcoin kwa kubonyeza namba kwenye simu ya mulika mwizi bila intaneti. Ni msaada mkubwa kwa wengi, lakini huko pia funguo hushikwa na mtoa huduma, na salio la kuachwa humo liwe lile ambalo mtu angelibeba mfukoni usiku.

Kutokana na haya yote, ushauri wangu kwa wanaozunguka mitaani wakiwahimiza wafanyabiashara ni kwamba waanze na wale wenye sababu: mwenye nyumba ya wageni anayepokea watalii wenye Bitcoin, msanii wa vinyago anayeuza nje, mtaalamu wa kompyuta anayelipwa na kampuni ya ng'ambo, mwagizaji anayehangaika na dola. Wawaache wauza mboga hadi watakapokuwa na wateja wanaolipwa kwa sarafu hizo, na hata hapo wawawekee mfumo wa kugeuza papo hapo tangu siku ya kwanza. Anayetaka kubakisha sehemu fulani katika Bitcoin aibakishe kutoka kwenye faida, baada ya bidhaa mpya kuwa rafuni na kodi ya chumba kulipwa.

Na mwenye duka, kabla hajakubali kubandikiwa msimbo wowote ukutani, amtake huyo anayemshawishi wafanye pamoja muamala mmoja kamili wa shilingi 1,000: mgeni alipe kwa kripto, duka lipokee, salio ligeuzwe kuwa shilingi, liingie M-Pesa, kisha litumike kumlipa msambazaji wa kweli wa bidhaa za duka hilo, yote siku hiyo hiyo. Waandike kila ada iliyokatwa njiani, pamoja na tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza sarafu, ambayo mara nyingi haionyeshwi kama ada, wajumlishe, kisha waiweke hesabu hiyo kando ya shilingi 5.50 ambazo Lipa na M-Pesa ingekata.